Protini ya mchezaji iko ghalani, tusiiuze yote



Mashindano ya vijana ngazi ya kata yameanza, na kama ilivyo kila mwaka baada ya mavuno, kiwanja cha shule kinajaa kuanzia saa kumi jioni. Mwaka huu nimeona jambo jipya. Makopo ya unga wa protini, ambayo zamani ungeyakuta mjini kwa wanyanyua vyuma, sasa yanaletwa vijijini kwa bodaboda. Vijana wanachangishana, wananunua kopo moja, wanagawana kwa vijiko. Mmoja aliniambia bila kuficha kwamba ameuza maharage ya sehemu yake ili apate mchango. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu: "Afisa, nataka protini."

Kijana ameuza protini ili anunue protini, na katika biashara hiyo amepata kidogo kuliko alichotoa. Hoja yangu leo ni hiyo. Mimi ni mtu wa mazao na mifugo, si daktari wa michezo, na sina ugomvi na anayeuza makopo, kwani naye anatafuta riziki. Lakini protini ni zao letu. Tunalipanda, tunalivuna, tunalivua ziwani, tunalikamua asubuhi. Kuacha litoke lote kwenye gunia halafu kulifuata mjini kwa bei ya mara kumi na zaidi ni jambo ambalo afisa ugani hawezi kulinyamazia.

Kwanza tuelewane kazi yake. Mchezaji anapokimbia, kukata kona, kuruka na kukabana, nyuzi za misuli zinaumia kidogo kidogo. Yale maumivu ya siku ya pili, ya kushindwa hata kuchuchumaa, chanzo chake ni hapo. Mwili huanza kujikarabati mara moja na kazi hiyo huendelea kwa siku moja hadi mbili. Misuli ikikarabatiwa vizuri inarudi imara kuliko ilivyokuwa, na hiyo ndiyo maana ya mazoezi. Ikikosa malighafi, mchezaji anaingia mechi inayofuata akiwa na deni. Malighafi yenyewe ni vipande vinavyoitwa asidi amino, ambavyo hupatikana protini inapomeng'enywa tumboni. Viko vya aina 20, na 9 kati yake mwili wa mtu hauwezi kuvitengeneza, lazima viingie kwa chakula.

Wakulima mnaifahamu naitrojeni, ile inayofanya mahindi yawe ya kijani kibichi ukiweka mbolea ya kukuzia. Kila asidi amino ina naitrojeni ndani yake. Ng'oa mche wa maharage au kunde wenye afya, utaona vinundu kwenye mizizi. Ndani yake wamo bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuipa mmea, na ndiyo maana jamii ya mikunde ina protini nyingi kuliko nafaka. Kwa hiyo hewa inayopita juu ya shamba lako inaishia kwenye paja la mshambuliaji, ikipitia sufuria ya maharage. Nikiwaeleza hivyo vijana wanacheka, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa kiasi. Mtu mzima asiye na mazoezi mazito anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mwanamichezo wataalamu wa lishe ya michezo wanashauri kati ya gramu 1.2 na 2.0 kwa kilo. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 49 ya watu waliofanya mazoezi ya nguvu, na ukaonyesha kwamba ukishafika kama gramu 1.6 kwa kilo, kuongeza protini zaidi hakuongezi misuli. Kijana wa kilo 60 basi, hata akijituma kweli kweli, mahitaji yake ni kama gramu 96 kwa siku.

Gramu 96 zinasikika nyingi. Tuzitafute nyumbani.

Asubuhi anakunywa uji wa dona uliotiwa karanga za kusaga, konzi moja ya karanga, gramu 30 hivi. Unga na karanga vinampa gramu 12. Mchana anakula ugali wa dona wa robo kilo ya unga na maharage yaliyotokana na gramu 100 za maharage makavu. Watu wengi hawajui kwamba ugali nao una protini, gramu 8 hivi kwa kila gramu 100 za unga wa dona, hivyo sahani hiyo ina gramu 20 za ugali na gramu 22 za maharage. Jioni akitoka mazoezini anakunywa mtindi au maziwa, bilauri kubwa ya mililita 300, gramu 10. Usiku ni ugali tena, mdogo kidogo, kwa dagaa wakavu gramu 30, na hapo anapata kama gramu 32. Jumlisha. Inakuja 96.

Sijaweka nyama. Sijaweka kuku wala yai. Sijaweka kopo.

Najua kuna atakayesema, "Afisa, chakula hicho nani anakula kila siku?" Swali ni la haki, nami nitalirudia chini, kwa sababu tatizo letu mara nyingi ni mpangilio wa kuuza. Lakini kwanza niseme neno kuhusu ubora, maana protini zote hazilingani. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo laisini. Maharage yana laisini kwa wingi, ila yana upungufu wa nyingine iitwayo methionini, ambayo mahindi wanayo ya kutosha. Ukivila kwa pamoja, kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Mabibi zetu waliopika makande hawakuwa na maabara, na bado walipata mchanganyiko ambao mwalimu wa lishe angeuchora ubaoni. Kijana anayeona aibu kula makande kwa sababu ni chakula cha shule ya bweni anakosa kitu kizuri sana.

Protini za wanyama, yaani mayai, maziwa, samaki na nyama, zimekamilika zenyewe na tumbo huzimeng'enya vizuri zaidi. Ndiyo maana kwenye hesabu yangu nimeweka maziwa na dagaa kidogo juu ya mikunde, wala si mikunde mitupu. Dagaa nawasifu kila mara na nitaendelea. Dagaa waliokaushwa vizuri, nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na ukiwala wazima na mifupa unapata na madini ya chokaa. Ila nunueni waliokaushwa kwenye chanja, si waliotandazwa chini. Mchanga hauna protini, na mkinunua kwa kilo mnaulipia.

Jambo la pili ambalo vijana hawalipendi: protini peke yake haimkimbizi mtu. Petroli ya mchezaji ni wanga, yaani ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi. Tangu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 2025, naulizwa sana wakimbiaji wakubwa wanakula nini. Jibu lililopimwa kwa mizani lipo kwa jirani zetu Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walipima kwa siku saba chakula cha wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu. Zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyopata ilitoka kwenye wanga. Protini ilikuwa kama asilimia 10 tu, na ukiigawa kwa uzito wao ilifika gramu 1.3 kwa kilo. Sahani zao zilikuwa na ugali, wali, viazi, maharage, kabichi, pamoja na chai ya maziwa yenye sukari. Nyama ilikuwa kidogo.

Hao walikuwa wakimbiaji wa masafa marefu, watu wepesi. Beki wa kati au mnyanyua vyuma atahitaji protini zaidi kidogo, ndiyo maana nimetumia 1.6. Lakini somo ni lile lile. Mwili ukikosa wanga wa kutosha, unaanza kuichoma protini kama kuni. Kijana anayepunguza ugali ili "ajenge mwili", halafu anakunywa unga wa kopo, anafanya kama mtu anayechoma milango ya nyumba ili apikie mafundi.

Tuje kwenye muda. Mbolea ya kukuzia hamuiweki yote siku moja. Mnaigawa, kwa sababu mmea hauwezi kuichukua kwa mkupuo na mvua ikija inaondoka nayo. Mwili ni hivyo hivyo. Kwa kijana wa kilo 60, gramu 20 hivi kwa mlo, mara tatu au nne kwa siku, zinafanya kazi nzuri kuliko gramu 80 za usiku mmoja. Mwili hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Inayozidi inavunjwa, na naitrojeni yake inatoka kwenye mkojo ikiwa yurea. Ni yurea ile ile ya kwenye mfuko wa mbolea. Ukinywa vijiko vitatu vya unga wa kopo kwa pamoja juu ya mlo ulioshiba, sehemu kubwa ya fedha zako inarutubisha ukuta wa choo.

Kwa hiyo mniwie radhi, sina imani na mbuzi wa fainali. Mshindi anapewa mbuzi, anachinjwa jioni hiyo hiyo, kila mtu anakula hadi kuvimbiwa, kisha wiki nzima inayofuata ni ugali na mchicha. Ni sherehe, na sherehe ina thamani yake. Lakini kwa misuli ya mchezaji, mbuzi huyo angekuwa na faida zaidi kama angekuwa ni jike la maziwa, au kama thamani yake ingegeuzwa kuwa maharage na dagaa vya mwezi mzima wa mazoezi. Kilo moja ya maharage makavu inatosha watu 10 kwa mlo mmoja. Kikosi cha watu 20 kinahitaji kilo 2. Kamati za timu zinachangisha fedha za jezi mpya kila msimu, na chungu cha maharage baada ya mazoezi kinashindikana? Jezi haijawahi kumponya mtu maumivu ya paja.

Hesabu ya fedha

Bei zinatofautiana, kwa hiyo nitatumia za mfano na wewe uweke za gulio lenu. Tuseme kopo la kilo moja ni shilingi 150,000. Kilo ya unga huo ina gramu 700 hadi 800 za protini, tuchukue 750. Kila gramu ya protini imekugharimu shilingi 200.

Tuseme kilo ya maharage ni shilingi 3,000. Ina kama gramu 220 za protini. Kila gramu ni chini ya shilingi 14. Karanga zilizomenywa kwa shilingi 4,000 kwa kilo, zikiwa na kama gramu 250, ni shilingi 16. Dagaa wakavu kwa 12,000, wakiwa na gramu 550, ni karibu shilingi 22. Maziwa kwa shilingi 2,000 kwa lita, yenye gramu 33, ni shilingi 60 hivi. Yai la shilingi 450 lenye gramu 5 au 6 linakuja kwenye shilingi 80. Yai ni chakula bora, lakini kwa bei ya gramu si rahisi kama watu wanavyodhani, na hapo mfugaji wa kuku anaweza kunikasirikia. Namwambia tu asikasirike. Wateja wa yai wapo, na yai lina mengine mengi zaidi ya protini.

Kwa shilingi 150,000 za kopo unapata kilo 50 za maharage, yaani kilo 11 za protini dhidi ya robo tatu ya kilo. Hata ukikata robo nzima kwa sababu protini ya maharage haimeng'enywi vizuri kama ya maziwa, bado hakuna ushindani.

Na kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwenye bei. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima virutubisho vya michezo 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13, na 94 kati yake vilikutwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Kwa kijana anayeota kufika mbali hilo ni jambo zito, kwa sababu kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni zinamhesabia mchezaji chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua. Maharage hayajamfungia mtu kucheza. Kopo lenyewe likiwa halisi halina uchawi wowote; ni protini iliyotolewa kwenye maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, ikakaushwa. Anayesafiri au asiye na mahali pa kupikia linaweza kumsaidia. Mwenye ghala na ng'ombe halimhusu. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini ya aina yoyote bila kumwona daktari.

Nani ale kwanza

Hapa nitaongea bila kupaka mafuta. Katika nyumba zetu nyingi kitoweo kizuri kinaelekea kwa baba na kwa kijana anayecheza mpira, kwa sababu "yeye anatumia nguvu". Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini wana udumavu. Kama nyumbani kuna yai moja, si la mchezaji. Ni la mtoto mdogo, au la mama mjamzito au anayenyonyesha. Mchezaji ana tumbo kubwa la kubeba sahani nzima ya makande. Mtoto wa mwaka mmoja hana. Yeye anahitaji kitu kidogo chenye ubora mwingi. Siandiki ili mpira uwanyang'anye watoto chakula.

Na wasichana wa netiboli wasisahaulike. Wanatoka kuteka maji, wanacheza, wanarudi kupika, na mara nyingi wanakula mwisho kilichobaki chini ya sufuria, mchuzi bila maharage. Misuli yao inaumia kama ya kaka zao.

Nikiendelea hivyo nitafika kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa jezi. Anayelima kwa jembe kuanzia alfajiri, au kibarua anayepakia magunia kwenye lori siku ya gulio, anafanya mazoezi mazito kuliko timu nyingi. Kukarabati misuli kwake kunafuata utaratibu ule ule. Vibarua wengi wanapewa chai ya rangi na maandazi mawili hadi saa nane mchana, halafu mwenye shamba analalamika kwamba kasi imepungua. Weka karanga kwenye uji wao. Gharama ni ndogo kuliko saa moja ya kazi iliyopotea.

Wafanyabiashara, hapa kuna soko

Jioni ya mechi, meza zinazozunguka uwanja zina nini? Soda, vinywaji vya kuongeza nguvu, biskuti, pipi. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari na kafeini. Protini hakuna, na kafeini ya saa kumi na mbili jioni inamnyima mchezaji usingizi, ambao ndio wakati mwili unakarabati vizuri. Mama mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha na chumvi ya pilipili anamaliza kabla ya filimbi ya mwisho. Nimeliona hilo katika zaidi ya kijiji kimoja. Mtindi wa baridi, karanga za kukaanga, kashata, makande ya moto kwenye hotipoti, maharage na chapati: hivi vyote vina faida kwako na kwa mchezaji. Pombe ya ushindi ni shauri lenu, ila ijulikane kwamba ulevi baada ya mechi unapunguza kazi ile ile ya kujenga misuli ambayo mlikuwa mnaitafuta.

Wanaosaga unga wa lishe wa kuuza, nina maombi mawili. Soya isiingie kinuni mbichi. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, na joto ndilo linaloviua, kwa hiyo ichemsheni kwanza, ikaushwe na kukaangwa. La pili ni sumukuvu. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yasisagwe hata kama mteja haoni. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kukaanga au kupika hakuiondoi. Anayetaka kupanua biashara hiyo atafute alama ya ubora ya TBS, maana bila hiyo duka la mjini halitampokea.

Sasa turudi kwenye lile swali la nani anakula chakula hicho kila siku. Baada ya mavuno tunauza maharage yote kwa mkupuo, wakati bei iko chini, kwa sababu ada inadaiwa na fukusi wanabisha hodi. Mwezi wa kwanza tunanunua maharage yale yale kwa bei ya juu, au tunaacha kula. Mnakumbuka mbaazi. Mwaka 2017 India ilipozuia uingizaji, bei ilianguka, na watu walikaa na magunia wakiyatazama kama takataka. Mbaazi ina protini karibu sawa na maharage. Zao ambalo mnunuzi wa mbali amelikataa halijageuka kuwa si chakula, lakini wengi wetu tulikuwa tumeshaliondoa kwenye sufuria siku nyingi na kuliita zao la biashara.

Ninachopendekeza ni kutenga kabla ya kuuza. Mchezaji mmoja, au mkulima mmoja, akila gramu 100 za maharage makavu kwa siku kwa miezi mitatu, anatumia kilo 9. Ni kama nusu debe. Piga hesabu ya watu wa nyumbani kwako, watoto wadogo wahesabu nusu, utapata madebe yako. Hayo yatenge kabla ya dalali kufika, kwa sababu akishafika na mizani yake na noti mkononi, maamuzi yanabadilika.

Yakaushe hadi punje uking'ata ivunjike, isibonyee. Pepeta, ondoa zilizotobolewa na fukusi. Tia kwenye mifuko ile ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za nailoni ndani, kagua kwanza kama haina tundu kwa kuipuliza na kuibana. Jaza, kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake kwa kamba. Fukusi waliobaki ndani watakosa hewa na kufa, huhitaji dawa ya unga. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta na panya, na usiufungue mfuko kila siku kuchota kikombe. Fungua mmoja, hamishia ndoo yenye mfuniko maharage ya wiki mbili, ufunge tena hapo hapo. Anayetaka kuonyeshwa namna ya kufunga, nipo ofisi ya kata kila Jumatano asubuhi. Njoo na mfuko wako na maharage kidogo, tutafunga pamoja.